Mzee Akianguka, Tazama Nyonga

Mahindi na mtama yanapokaribia kukomaa katika kijiji cha Robanda, wilayani Serengeti, tembo nao huanza kuvuka kutoka hifadhini. Wenye nguvu hukesha mashambani kuwafukuza. Nyumbani hubaki bibi, babu na wajukuu. Saa nane usiku bibi anaamka kwenda chooni. Choo kiko nje, tochi haina betri, na jiwe la kizingitini liko palepale siku zote. Anaanguka kiubavu. Kunapokucha hawezi kusimama.

Familia nyingi husema ameteguka. Anakandwa kwa maji ya moto, anachuliwa mafuta, anaitwa fundi wa kuunga mifupa, na wiki mbili zinakatika. Kumbe dalili zilikuwa wazi tangu alfajiri: mguu ulioumia umekuwa mfupi kuliko mwenzake, unyayo umegeukia nje, na kinena kinauma ukigusa tu mguu. Mzee wa namna hiyo ahesabiwe kuwa amevunjika nyonga mpaka eksirei ioneshe kingine. Wachache hujikokota kwa kuchechemea ingawa mfupa umepasuka, kwa hiyo kutembea si ushahidi wa uzima.

Duniani tatizo hili ni kubwa. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 1990 nyonga milioni 1.66 hivi zilivunjika, na wakatabiri kuwa ifikapo 2050 zingefika milioni 6.26 kwa mwaka. Norway, Sweden na Denmark ziko juu kwenye orodha. Afrika iko chini. Hapo inafaa kuwa mwangalifu. Takwimu hizo hutegemea madaftari ya hospitali, na bibi anayekandwa nyumbani haingii kwenye daftari lolote. Na wazee nchini si wachache: sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na zaidi ya milioni 3 kati yao wana miaka 60 na kuendelea.

Wanawake ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu hedhi ikishakoma mifupa yao hupungua uimara kwa kasi.

Mfupa wenyewe ni nadra kuua. Kinachoua ni kulala. Mzee asiyegeuka kitandani hupata vidonda vya mgongoni, nimonia, na damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Katika nchi nyingi zenye takwimu, kati ya wagonjwa 10 wawili au watatu hufariki ndani ya mwaka mmoja. Ndiyo maana Uingereza hospitali hupimwa kwa kigezo cha kumpasua mgonjwa ndani ya saa 36, asimame mapema. Pasipo upasuaji, mguu huvutwa kwa uzito kitandani kwa wiki nyingi, na hatari zile zote zinamkuta humohumo.

Kutoka Robanda njia ni zahanati, kisha hospitali ya Mugumu, na ikibidi rufaa ya Musoma au Bugando, Mwanza. Asipandishwe bodaboda kwa mtindo wa mshikaki, kati ya dereva na mjukuu! Alazwe kwenye ubao au blanketi lililoshikwa na watu wanne, miguu ifungwe pamoja na mto katikati, na dawa anazotumia zibebwe.

Kinga haina gharama kubwa. Ndoo yenye mfuniko chumbani usiku humwondolea safari ya chooni. Jiwe la kizingitini ling'olewe, kandambili zilizolika zitupwe, macho yapimwe mtoto wa jicho. Anayemeza dawa za presha akae kidogo ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Dagaa wa Ziwa Victoria waliwe na mifupa yao, maziwa yasiishie kwa watoto, na mzee atembee kila siku.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilitambua matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza. Familia ambayo mzee wake hana kitambulisho cha matibabu iende ofisi ya kijiji kukiulizia sasa, kabla hajaanguka.