SOMO LETU: HESABU ZA MWANZO KWA WATU WAZIMA



Katika vikundi vingi vya hapa Kyumbi na vijiji vya karibu, kitabu cha hesabu kiko mkononi mwa mtu mmoja. Mara nyingi ni kijana aliyemaliza kidato cha nne. Yeye ndiye anayeandika michango, anapiga hesabu ya riba, na wengine wanasema, "Sawa, tumesikia." Halafu kijana huyo anapata kazi Athi River au anaolewa mbali, na kitabu kinabaki kimefungwa. Wanachama wanaanza kuulizana pesa zilienda wapi, na urafiki wa miaka kumi unavunjika. Mara nyingi hakuna mwizi hapo. Tatizo ni kwamba hakuna mwingine anayejua kusoma hesabu hizo.

Somo la leo ni juu ya dawa ya jambo hilo: watu wazima kurudi kwa hesabu.

NGUMBARU NA HATUA INAYOFUATA

Mwaka 1979 serikali ya Kenya ilianzisha kampeni kubwa ya kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Ndiyo tuliyozoea kuiita ngumbaru. Wengi wa mama zetu walijifunza hapo kuandika majina yao na kuacha kutia kidole kwenye wino. Na mwaka 2004 mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na miaka 84. Alitaka kujisomea Biblia mwenyewe na kujua kuhesabu pesa. Alifariki mwaka 2009, lakini hakuna tena anayeweza kusema "mimi ni mzee sana" bila kumkumbuka.

Ngumbaru ilitufundisha kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Hayo ni mazuri, lakini kikundi chenye mkopo, tangi na shamba kinahitaji hatua moja zaidi. Hata Marekani, vyuo vya jamii, yaani vyuo vya karibu na nyumbani ambavyo watu wazima husomea, vimefundisha hatua hiyo kwa miaka mingi. Mtu anayetaka kuwa muuguzi au fundi, na aliyeacha shule zamani, huweza kuanzia hapo. Kwa hivyo si jambo la aibu. Hatua hiyo ina mambo manne. Tuyaangalie moja moja.

1. NAMBA ZILIZO CHINI YA SIFURI

Watu husema, "Huwezi kutoa tano kwa tatu." Kumbe tunafanya hivyo kila siku! Tuseme kikundi kina shilingi 3,400 kwa sanduku, na kinadaiwa na fundi shilingi 5,000. Hali yetu ya kweli ni 3,400 toa 5,000, yaani tuko chini ya sifuri kwa 1,600. Tunaandika −1,600. Wanachama 15 wakichanga 200 kila mmoja, tunapata 3,000. Sasa −1,600 ongeza 3,000 ni 1,400. Hizo ndizo pesa zetu hasa.

Mtaalamu wa Bara Hindi, Brahmagupta, aliandika kanuni za namba hizi mwaka 628, na aliziita kwa majina ya mali na madeni. Alielewa jambo ambalo mweka hazina yeyote anajua: ukisamehewa deni la 500 ni kama umepewa 500. Ndiyo maana kuondoa deni ni kuongeza.

Mkifundishana, chukueni mahindi na maharagwe. Hindi moja ni mali ya shilingi moja, haragwe moja ni deni la shilingi moja. Hindi na haragwe zikikutana, zote mbili zinatoka mezani. Kinachobaki ndilo jibu.

2. SEHEMU NA UWIANO

Fundi anasema zege ya msingi wa tangi ni moja kwa mbili kwa nne: karai moja ya simiti, mbili za mchanga, nne za kokoto. Jumla ni karai 7. Mkitaka kuchanganya karai 21, mnagawanya 21 kwa 7, mnapata 3. Basi simiti ni karai 3, mchanga 6, kokoto 12.

Sasa angalieni. Mchanga kwetu si shida, simiti ndiyo ghali. Mtu akiongeza karai moja ya mchanga kwa kila mchanganyiko, jumla inakuwa 8. Simiti ilikuwa sehemu moja ya saba, sasa ni sehemu moja ya nane. Namba ya chini imekuwa kubwa, lakini sehemu yenyewe imekuwa ndogo. Hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Kumbuka mkate: ukigawiwa watu nane, kipande chako ni kidogo kuliko ukigawiwa watu saba. Tangi likipasuka mwaka wa pili, huenda hesabu ilikosewa siku ya kwanza.

3. ASILIMIA, NA SWALI LA KUMUULIZA MKOPESHAJI

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa hivyo tusome polepole.

Asilimia mbili ni shilingi mbili kwa kila mia. Wakopeshaji wawili wanakuja kwa kikundi. Wote wanasema: "Shilingi 20,000, miezi 10, riba asilimia mbili kwa mwezi." Mnaweza kudhani ni kitu kimoja. Si kimoja.

Mkopeshaji wa kwanza anahesabu riba kwa mkopo wote, kila mwezi, hata kama mmeshalipa nusu. Asilimia mbili ya 20,000 ni 400. Mara miezi 10 ni shilingi 4,000.

Mkopeshaji wa pili anahesabu riba kwa deni lililobaki tu. Kila mwezi mnarudisha 2,000 ya mkopo. Mwezi wa kwanza deni ni 20,000, riba ni 400. Mwezi wa pili deni ni 18,000, riba ni 360. Mwezi wa tatu ni 320. Inaendelea kupungua kwa 40 hadi mwezi wa mwisho, riba ni 40 tu. Jumlisheni zote: shilingi 2,200.

Tofauti ni shilingi 1,800 kwa mtu mmoja. Wanachama 15 wakichukua mkopo kama huo kila mmoja, ni shilingi 27,000. Hizo zingelipa karo au kununua mbuzi. Na hakuna aliyedanganya, maana wote walisema asilimia mbili.

Basi kila mwanachama, hata asiyejua kuandika vizuri, ajue swali hili moja: "ASILIMIA YA NINI?" Ya mkopo wote, au ya deni lililobaki? Na ni kwa mwezi, au kwa mwaka? Msitie sahihi kabla ya kupata jibu.

4. HERUFI BADALA YA NAMBA

Wengi waliacha hesabu shuleni siku mwalimu alipoandika herufi ubaoni. Lakini herufi ni jina tu la kitu ambacho hatujakijua bado. Elimu hii inaitwa aljebra, na jina limetoka kwa kitabu cha al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad karibu na mwaka 820. Yeye mwenyewe alieleza kwamba inasaidia watu katika kugawa urithi, biashara, kesi, na kupima ardhi na mifereji. Kwa hivyo tangu mwanzo ilikuwa hesabu ya watu kama sisi.

Mfano. Tangi ni shilingi 54,000. Tunazo 18,000. Tuko 12, kila mmoja anachanga 200 kwa mwezi, yaani 2,400. Tutangoja miezi mingapi? Hatujui, kwa hivyo tuite m.

18,000 + 2,400m = 54,000

Fikiria mizani. Ukitoa kitu upande mmoja, lazima utoe sawasawa upande wa pili. Tunatoa 18,000 pande zote:

2,400m = 36,000

Tunagawanya pande zote kwa 2,400, na m ni 15. Basi ni miezi 15. Hakuna haja ya kubishana mkutano mzima.

Na mfano mwingine kutoka vilima vyetu. Matuta ya fanya juu yamejulikana sana kutoka Machakos hii, na mwethya ndio uliochimba mengi. Lakini tuta hadi tuta iwe nafasi gani? Iko kanuni ambayo imetumika Kenya: chukua asilimia ya mteremko, gawanya kwa 4, ongeza 2, zidisha kwa 0.3. Jibu ni mita ambazo ardhi inashuka kutoka tuta moja hadi lingine.

Pima mteremko kwa kamba ya mita 10 na pima maji. Kamba ikiwa sawa, na ncha ya upande wa chini iko sentimita 80 juu ya ardhi, mteremko ni asilimia 8. Basi 8 gawanya kwa 4 ni 2, ongeza 2 ni 4, mara 0.3 ni mita 1.2. Ili kushuka mita 1.2 kwa mteremko wa asilimia 8, unaenda mita 15. Chimba hapo. Ukiweka matuta mbali zaidi, maji hupata nguvu, tuta linakatika, na udongo wa watoto wako unaenda mtoni.

TUANZEJE?

• Tengeni saa moja kila wiki, siku ile ile ya mkutano, kabla ya michango. Saa moja kila wiki ni bora kuliko siku nzima mara moja kwa mwaka.
• Tafuteni mwalimu aliyestaafu, au kijana aliyemaliza shule. Ulizeni pia katika ofisi ya elimu ya watu wazima.
• Tumieni kitabu cha kikundi chenu kama kitabu cha mafunzo. Namba zenu wenyewe hazichoshi.
• Simu inapiga hesabu haraka, lakini haijui kuuliza "asilimia ya nini?" Hilo ni lako wewe.
• Asiyejua asichekwe. Anayecheka leo apewe kazi ya kueleza ubaoni.
• Baada ya miezi michache, kila mwanachama asome hesabu ya kikundi mbele ya wenzake kwa zamu. Cheremani naye asiachwe.

MASWALI YA KUFANYA PAMOJA

1. Kikundi kina shilingi 1,500 na kinadaiwa 4,200 za mbegu. Wanachama 18 wanachanga 250 kila mmoja. Baada ya kulipa deni kinabaki na ngapi?

2. Mkopo ni shilingi 6,000, miezi 6, riba asilimia mbili kwa mwezi, na kila mwezi mnarudisha 1,000 ya mkopo. Riba yote ni ngapi kwa mkopeshaji wa kwanza? Na kwa wa pili?

3. Shamba lina mteremko wa asilimia 12. Matuta yawe umbali gani?

4. Ya kujadiliana: Mweka hazina wetu akihama kesho, nani mwingine anaweza kusoma kitabu chetu? Tutafanya nini kabla ya mkutano ujao?

Majibu: (1) Shilingi 1,800. (2) Wa kwanza 720, wa pili 420. (3) Kushuka mita 1.5, umbali mita 12.5. (4) Jibu hili mnalo ninyi wenyewe.