SOMO: FEZA ZA ZAMANI CHINI YA UDONGO WA KAMBI



Siku hizi kuko maneno mengi katika mabweni. Wengine wanasema: «Chimba mahali askari walikaa zamani, utapata feza za Wabelgiji, utauza, na minervali italipwa.» Wengine wanaongeza habari ya mashini inayolia ikipita juu ya chuma. Sisi wa mwaka wa sita tumeona ni vema kuligeuza neno hili kuwa somo, kwa sababu ndani yake kuko historia, fizika na sheria. Tena kuko kifo.

1. Feza gani?

Feza za chuma za kwanza za Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili zilitengenezwa tangu 1887. Santimu zake za shaba zilikuwa na tundu katikati. Baadaye, wakati wa vita kuu ya pili, Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Kwa hiyo franka mbili za Kongo za mwaka 1943 zilitengenezwa Philadelphia, kule Marekani. Ziko na pande sita na picha ya tembo. Katika 1967 zaire, makuta na sengi zilichukua nafasi ya franka.

Mwenzetu, kabla ya kushika jembe, fanya hesabu. Ile feza ya tembo ya 1943 ilitengenezwa mara 25,000,000. Kitu kilicho kingi namna ile si hazina. Minervali haitatoka humo.

2. Thamani yake iko wapi?

Katika vita vya 1914-1918, Wajerumani wa Afrika Mashariki walifungiwa njia ya bahari na kukosa feza. Mwaka 1916, Tabora, walijitengenezea wenyewe heller 20 za shaba, zenye herufi T, na rupia 15 za zahabu zenye picha ya tembo. Tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Force Publique, wazee wetu Wakongomani, chini ya Jenerali Tombeur, waliingia Tabora.

Sasa tuwaze hivi. Mtu anaona heller moja yenye T katika udongo wa Beni. Ikiwa ingali mahali ilipoanguka, karibu na kifungo cha koti, kipande cha chungu na majivu ya moto, mwenye elimu ataweza kuuliza: je, hapa alikaa askari aliyerudi kutoka Tabora? Lakini ukiitoa na kuitia mfukoni, inabaki kipande cha shaba tu. Ushuhuda umekufa.

Mfano tuko nao karibu. Katika 1950, Jean de Heinzelin, Mbelgiji, alichimba Ishango, mahali Semliki inatoka katika ziwa Edward. Alipata mfupa wenye alama zilizokatwa kwa makundi, kama hesabu. Ulimwengu mzima unaujua, na wataalamu wanasema una karibu miaka 20,000. Je, walijuaje miaka yake? Kwa sababu alichimba polepole, tabaka kwa tabaka, akiandika kila kitu mahali pake. Mfupa ule ule ukitolewa kwa haraka na kupelekwa sokoni ungekuwa mfupa tu.

3. Mashini inafanyaje kazi?

Ndani yake kuko bobini, yaani waya uliozungushwa mara nyingi. Umeme unaobadilika ukipita humo, nguvu ya sumaku inaingia udongoni. Ikikuta chuma, umeme mdogo unazunguka ndani ya chuma kile, nacho kinarudisha nguvu yake ndogo ya sumaku. Mashini inasikia badiliko na kulia.

Katika 1881 Alexander Graham Bell alijaribu mashini ya namna hii ili kutafuta risasi katika mwili wa Rais Garfield wa Marekani. Hakuipata. Sababu moja ilikuwa vyuma vya kitanda, ambavyo viliivuruga.

Hapo ndipo penye neno kubwa la somo letu. Mashini haisomi picha ya tembo. Feza ya 1943 ni shaba iliyochanganywa na zinki. Ganda la risasi vilevile. Sauti inaweza kuwa moja kwa vyote viwili. Na grenadi ni chuma pia. Mashini itakuita, lakini haitakuambia nani anakungojea.

4. Udongo wetu

Kwetu Beni na Butembo askari hawakupita mara moja. Walipita wakati wa uasi wa 1964, vita vya 1996-1997, vita vya 1998-2003, na tena mapigano ya Beni tangu 2014. Kila jeshi linaacha kitu nyuma. Kwa hiyo santimu ya babu na bomu la juzi vinaweza kulala katika shimo moja.

Wengine wanadhani kutu inaua bomu. Sivyo! Katika grenadi nyingi kuko springi iliyokazwa, na pini ndogo inayoizuia. Kutu inakula pini ile, halafu mkono mwepesi unatosha. Baruti yake inaweza kudumu miaka mingi. Pigo la jembe au moto wa mhunzi unaweza kuiamsha.

5. Sheria na Neno

Sheria ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda vitu vya kale vya inchi yetu. Kuchimba kunahitaji ruhusa ya serikali, na anayevumbua kwa bahati anapashwa kutoa habari. Tukumbuke pia mfano wa Bwana Yesu katika Matayo 13:44. Yule mtu aliyeona hazina katika shamba hakukimbia nayo usiku. Aliuza vyote alivyokuwa navyo, akanunua shamba kwanza.

6. Tufanye nini?

Ukiona chuma usichokijua: usikiguse, usikitupie jiwe, usikichome moto. Rudi kwa nyayo zako mwenyewe. Wazuie wadogo. Mwambie mwalimu au shefu wa kartie, naye atafikisha habari kwa wenye kazi ile. Katika taifa letu kuko Centre Congolais de Lutte Antimines.

Na mwenye kupenda feza za zamani atafute pasipo jembe. Aulize wazee nyumbani. Pengine bibi yako anayo moja ndani ya sanduku. Andika mwaka wake, picha yake, na habari ya namna ilivyofika kwenu. Hiyo ni historia kamili, na mikono yako miwili inabaki.

Maulizo ya kujifunza

1. Kwa nini feza ya 1943 haikutengenezwa Ubelgiji?
2. Eleza kwa nini mashini haiwezi kutenga feza ya shaba na ganda la risasi.
3. Mfupa wa Ishango ungepoteza nini kama ungechimbwa kwa haraka?
4. Mdogo wako analeta nyumbani chuma cha mviringo chenye kutu. Utasema nini, na utafanya nini kwanza?

Ulizo la nne lijibiwe na kila mmoja wetu kabla ya kwenda likizo.