Kompyuta Ikijizima Inapowaka: Tutafute Illa Kwanza



Ndugu zangu, somo la toleo hili limetokana na laptopu ya madrasa moja ya Base Camp, kambini Nakivale. Ndani yake mlikuwa na majina ya wanafunzi, alama zao za miaka mitatu, na mahojiano niliyowafanyia wazee kwa ajili ya utafiti wangu wa mwaka wa mwisho. Diski yake ya zamani ilikuwa imetolewa ikawekwa SSD, na tangu hapo ilikuwa inawaka upesi. Asubuhi moja ikagoma. Unabonyeza, nembo inatokea, vidoti vinazunguka, skrini ya buluu inapita kama radi, kisha inajizima na kuanza upya. Mara kumi, hivyo hivyo.

Nikaibeba hadi Mbarara. Fundi wa kwanza hata hakuifungua. "SSD imekufa. Tupige Windows upya." Nusura nikubali, maana mtihani ulikuwa wiki ile ile. Kilichonizuia ni kwamba maneno yake yalipingana: kama diski imekufa, hiyo Windows mpya ataiweka wapi?

Tuliosoma usuli-fiqhi tunaijua njia ya sabri na taqsimu. Mwanachuoni anayetafuta illa ya hukumu hukusanya kwanza sifa zote zinazoweza kuwa sababu, kisha huzipima moja moja na kuziondoa zisizofaa. Pombe imeharamishwa kwa nini? Kwa rangi yake? Kwa kuwa ni maji maji? Kwa kuwa imetoka kwenye zabibu? Zote zinaanguka, unabaki ulevi. Nikaamua kuitendea laptopu vivyo hivyo.

Swali la kwanza: inajizima wakati gani? Ikizima kabla ya nembo, shaka iko kwenye umeme, joto au RAM. Ikifika kwenye vidoti, basi mashine imeamka na imeanza kuisoma Windows iliyo kwenye diski. Zinabaki sababu tano: diski yenyewe, mahali ilipochomekwa, faili za Windows, RAM yenye kasoro, au mipangilio ya bayosi inayoielekeza mashine izungumze na diski kwa njia gani.

Skrini ya buluu ilipita haraka mno, kwa hiyo niliipiga video kwa simu, nikaisimamisha: INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Yaani Windows imeanza kuamka, halafu inashindwa kuifikia diski ile ile inayoisoma. Nikaitoa SSD na kuirudisha vizuri, umeme ukiwa umechomolewa. Haikusaidia.

Kisha nikawasha kwa flashi yenye Ubuntu, nikachagua kuijaribu bila kuisakinisha. Ikafanya kazi saa nzima bila kuzima, hivyo shaka juu ya RAM ikapungua sana. Na kutoka humo nikaifungua SSD: faili zote zipo, zinafunguka! Diski haikuwa imekufa. Nikanakili kila kitu kwenye diski ya nje kabla ya kugusa lolote lingine.

Hatua hiyo msiiruke. Diski ya zamani ikifomatiwa, mara nyingi data hubaki mpaka iandikwe juu yake, na fundi hodari anaweza kuirudisha. SSD ni tofauti. Ukiifomati, Windows huijulisha kuwa nafasi yote sasa ni tupu, nayo huanza kujisafisha yenyewe kimya kimya. Baada ya hapo kurudisha kitu ni vigumu sana, na alama za watoto wa watu ni amana.

Mwisho nikaingia kwenye bayosi. Kwenye laptopu ile ni F2. Nyingine hutumia F10, Esc au Delete. Jibu lilikuwa pale pale juu: tarehe ilisoma Januari 2010. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara mfano wa sarafu, aghalabu CR2032, inayotunza saa na mipangilio wakati umeme haupo. Betri kubwa ya laptopu hii ilikuwa imekufa siku nyingi, wakawa wanaitumia moja kwa moja kwenye umeme wa sola. Sola ikizimwa usiku, ile ndogo hubaki peke yake, mpaka nayo ikaisha. Mipangilio yote ikarudi ya kiwandani, na njia ya diski ikatoka AHCI ikawa IDE. Windows iliwekwa chini ya AHCI. Ilipokuta IDE haikuwa na draiva tayari ya kuisomea diski, ikaanguka. Kwenye mashine nyingine utakuta imerudi RAID badala ya IDE.

Nikarudisha AHCI, nikahifadhi. Ikawaka.

Kabla ya kubadilisha chochote humo, piga picha mipangilio iliyopo. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, tafuta kwanza ule ufunguo wa tarakimu 48, kwani mabadiliko ya bayosi yanaweza kukufanya uombwe. Kama hata Ubuntu ingejizima, ningeanza na RAM. Kama SSD isingeonekana kabisa kwenye bayosi, hapo ningemwelewa fundi.

Betri mpya niliinunua mjini Mbarara, na bei yake haifiki nauli ya kwenda Nakivale. Katika laptopu nyingi imefungwa kwa plastiki na ina waya mbili, kwa hiyo nenda dukani na ile ya zamani mkononi.