Maksai Wasiuzwe Bado

SWALI: Mjukuu wangu ana miaka saba, na nyayo zake zimepinda kwa ndani tangu kuzaliwa. Tumeambiwa apasuliwe, majirani wanasema ni uchawi. Je, niuze maksai wangu? – Mkulima, Molo, Tororo.

JIBU: Mzee wangu, barua yako nimeisoma kwa taadhima, na rai yangu ni kwamba maksai hao wasitoke zizini mpaka tabibu wa mifupa awe amekwisha kumtazama mtoto na kukupa hesabu kamili, kwani si busara kuuza kinacholimia nyumba nzima kwa gharama ambayo hujaijua. Hospitali za serikali ya Uganda zilifuta ada kwa wagonjwa wa kawaida tangu 2001, ingawa nauli, chakula cha mlezi na dawa zilizokosekana dirishani ni juu yako. Basi anza hospitali ya rufaa ya Mbale, na ikilazimu uombe barua ya kwenda hospitali ya CoRSU, Kisubi, katika barabara ya Entebbe, ambako kabla ya kutaja fedha umwone afisa wa ustawi wa jamii. Majirani wasikilize kwa adabu, kisha uwasahau.

Laiti angalipelekwa akiwa mchanga, ingalitosha njia ya Ignacio Ponseti, tabibu wa Iowa, Marekani, ambayo Shafique Pirani, mzaliwa wa Uganda, alisaidia kuieneza nchini: plasta hubadilishwa kila wiki, aghalabu mara tano au sita, kisha kano ya kisigino hukatwa kwa ganzi, na viatu vilivyoungwa kwa ufito huvaliwa usiku hadi miaka minne au mitano. Kwa umri wa mjukuu wako nyayo zimekwisha kukakamaa katika upotovu. Hata hivyo matabibu wengi huanza kwa plasta, ili kisu kipate kazi ndogo.

Ninachokihofia zaidi ni tope. Plasta iliyolowa hulegea, ngozi ikachubuka ndani pasipo mtu kuona, na mtoto aliyepasuliwa hukaa nayo majuma mengi. Kwa hiyo, maadamu si mchanga wa kukimbizwa leo, mwombe tabibu ampangie Desemba, mavuno yakiwa ghalani, shule zimefungwa, na mvua za Machi zingali mbali. Uchunguzi, lakini, usiungoje msimu wowote.

Na akisharudi nyumbani, vidole vyake vikivimba, vikipoa au vikifa ganzi, usingoje kupambazuke: mrudishe hospitali usiku huohuo.