Klipu ya Mwisho: Elimu kwa Madereva, Mafundi na Wenye Mabanda ya Kuchaji Betri

Ofisi yetu imepokea malalamiko mengi ya betri za magari kupasuka: kwenye gereji, kwenye vituo vya daladala, hata ndani ya nyumba ambako betri ya gari ndiyo inayowasha taa na televisheni. Karibu kila anayelalamika huanza kwa kumlaumu muuzaji kwamba betri ilikuwa mbovu. Lakini tukimuuliza alikuwa akifanya nini dakika ileile ilipopasuka, mambo hubadilika. Mmoja alikuwa anabana klipu ya waya. Mwingine aliwasha kiberiti atazame maji. Mwingine alipiga shoti kwa spana aone kama moto upo.

Tunajua wapo watakaosema kijitabu hiki kimetangulia na faini inakuja nyuma. Someni kwanza. Jambo tunaloliomba ni moja: cheche isitokee karibu na betri.

Kilichomo ndani ya betri

Betri ya kawaida ya gari ina seli sita. Kila seli ina bamba za risasi zilizozama kwenye tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji, nayo hutoa volti 2 na ushee; zikiungana zote, betri iliyojaa husoma kama volti 12.6. Betri inapochajiwa, hasa inapokaribia kujaa, umeme huyavunja yale maji yakawa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni. Hata betri mpya na nzima hufanya hivyo.

Haidrojeni haionekani wala hainuki. Ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kushika moto, na cheche inayotosha kuiwasha ni ndogo kuliko ile inayolia ukivua nguo ya nailoni wakati wa kiangazi. Ikilipuka, gamba la betri hupasuka, vipande vya plastiki huruka, na tindikali humwagikia aliyeinama. Moto wenyewe huisha kufumba na kufumbua. Kinachopofusha watu ni tindikali.

Msidhani betri iliyokaukiwa maji ni salama. Hiyo ni mbaya zaidi, kwa kuwa nafasi yote iliyoachwa na maji imejaa gesi, na bamba zilizobaki wazi zinaweza kutoa cheche humohumo ndani. Ndiyo sababu betri nyingine hupasuka dereva akizungusha ufunguo tu, hakuna mkono ulioigusa.

Kubusti: hapa ndipo tunapowaomba msimame

Gari haliwaki alfajiri, abiria wanasubiri, waya za kubusti zimeazimwa kwa jirani. Fundi ameinama chini ya boneti, uso wake uko shubiri mbili juu ya betri. Klipu tatu zimekwisha kubanwa. Ya nne, nyeusi, anaipeleka kwenye hasi ya betri iliyokufa, kwa sababu ndivyo alivyomwona mwalimu wake akifanya. Klipu hiyo ndiyo inayokamilisha njia ya umeme, kwa hiyo cheche huruka hapohapo, vidole vichache tu kutoka kwenye vitundu vinavyotoa gesi.

Fanyeni hivi. Magari yasigusane, na yote mawili yazimwe. Waya mwekundu uanze kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili iende kwenye chanya ya betri nzima. Waya mweusi uanze kwenye hasi ya betri nzima. Ile ncha ya mwisho ISIGUSE BETRI ILIYOKUFA. Ibaneni kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lisilowaka, bolti isiyo na rangi wala grisi, mbali na betri. Cheche itatoka, lakini itatokea kule ambako hakuna gesi. Gari likiwaka, anzeni kuondoa klipu hiyohiyo, kisha rudini nyuma kwa mpangilio.

Tunarudia, kwa kuwa hili ndilo linalopuuzwa kuliko yote: klipu ya mwisho haiendi kwenye betri. Wakaguzi wetu wamelisema gereji kwa gereji bila kuchoka, na jibu wanalolipata ni kwamba fundi amefanya vile kwa miaka ishirini. Tunaheshimu ufundi wake. Lakini miaka hiyo upepo ulikuwa ukiipeperusha gesi, na hakuna aliyempa ahadi kwamba kesho utavuma.

Lori lenye betri mbili zilizounganishwa kutoa volti 24 lisitumike kubusti gari dogo la volti 12. Hata kwa dakika moja, lisitumike.

Spana, kiberiti na chaja

Kupiga shoti ili kuona kama betri ina moto si kipimo. Ni kuitafuta cheche kwa mkono wako mwenyewe. Tumieni mita ya volti. Injini ikiwa inaunguruma, mita ikipita 15, alteneta inaichaji betri kupita kiasi. Mara nyingi mtasikia pia harufu ya yai viza na ubavu wa betri utakuwa wa moto. Zimeni gari, sogeeni mbali, acheni ipoe.

Kutazama maji ni kwa tochi. Kiberiti, sigara na mshumaa vikae mbali. Kinachoongezwa ni maji ya betri, si asidi, ingawa chupa zake dukani hufanana sana; ulizeni, na msome lebo kabla ya kumimina.

Mnapofungua betri, hasi itangulie. Mnapofunga, hasi iwe ya mwisho. Spana namba 10 ikiwa kwenye chanya na ikagusa bodi huku hasi bado imefungwa, itatoa cheche na inaweza kuwa nyekundu mkononi. Vueni pete na saa ya chuma.

Chaja izimwe kabla ya klipu kuondolewa. Betri isichajiwe chumba wanacholala watoto. Haidrojeni ni nyepesi, hupanda darini, kwa hiyo banda la kuchaji liwe na uwazi juu, si mlangoni pekee.

Vibali

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mahali pa kazi pasajiliwe, na betri chakavu ni taka hatarishi. Masharti mengine ulizeni halmashauri yenu.

Tindikali ikiingia jichoni

Maji. Maji safi, mengi, yanayotiririka, kwa dakika zisizopungua 20, kope zikishikiliwa wazi hata kama majeruhi analia. Si maziwa, si asali, si mafuta, si magadi. Asilisugue jicho. Nguo zilizolowa zivuliwe huku maji yakiendelea kumwagwa. Kisha hospitali, hata kama maumivu yametulia. Moto ukiwaka, Zimamoto ni 114.

Fundi, kabla hujashika spana leo asubuhi, weka ndoo ya maji safi kando ya benchi, na umwonyeshe kijana unayemfundisha mahali ilipo.