SOMO: Spiriti Zote Hazina Joto Sawa



Hapa Salama tuko kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, na malori ya mafuta hupita usiku na mchana. Siku moja mtu anaweza kukiletea kikundi mtungi wa spiriti ya bei rahisi kwa ajili ya majiko, akisema, "Moto ni moto tu." Tusikubali haraka. Tujifunze kwanza.

1. Spiriti ni nini?
Ni jina moja la alkoholi nyingi. Ethanoli hutengenezwa kwa molasi ya miwa, kama kule Muhoroni, na ndiyo iliyomo katika pombe. Methanoli ni ya viwandani. Kwa macho zote ni kama maji, huwezi kuzitenga.

2. Joto lake
Gramu moja ikiungua yote hutoa karibu:
- methanoli: kilojuli 23
- ethanoli: kilojuli 30
- propanoli: kilojuli 34
- butanoli: kilojuli 36
- mafuta ya taa: kilojuli 46

Kwa nini tofauti hii? Nusu ya uzito wa methanoli ni oksijeni, ambayo yenyewe si kuni. Katika ethanoli oksijeni ni kama asilimia 35, katika butanoli asilimia 22. Ni kama kununua gunia la mahindi lenye magunzi ndani: uzito upo, unga haupo.

3. Hesabu ya mfuko
Lita moja ya methanoli ina megajuli 18 hivi, ya ethanoli 23. Tuseme methanoli ni Sh 140 na ethanoli Sh 160. Gawanyeni: kila megajuli ya methanoli ni karibu Sh 8, ya ethanoli karibu Sh 7. Basi ile rahisi ndiyo ghali!

4. Jaribio
Lifanyike katika maabara ya shule ya sekondari, pamoja na mwalimu wa kemia. Pimeni taa ya spiriti kwenye mizani. Pasheni gramu 200 za maji katika mkebe, halafu pimeni taa tena. Kwa mfano, maji yakipanda digrii 40, yamepata 200 × 4.2 × 40, yaani juli 33,600. Kama ethanoli iliyoungua ni gramu 2, kila gramu imetoa kilojuli 16.8 tu. Zile nyingine zimekwenda na upepo. Kinga jiko, funika sufuria!

5. Hatari
Moto wa methanoli hauonekani vizuri mchana. Msiongeze spiriti jiko likiwaka. Na mtungi ukikaa nyumbani, ipo siku mtu ataunywa. Methanoli hupofusha na kuua. Mwaka 2005 watu zaidi ya 40 walikufa Machakos kwa pombe yenye methanoli; Mei 2014 vifo kama hivyo vilifika Kitui na Makueni. Harufu, ladha wala rangi ya moto haziwezi kukuhakikishia usalama. Aliyekunywa apelekwe hospitali mara moja, hata akijiona mzima, maana dalili huchelewa.

Maswali ya kujadili
(a) Muuzaji wetu anaweza kuonyesha mtungi umetoka kiwanda gani?
(b) Spiriti tutaiweka wapi, na ufunguo atashika nani?
(c) Kwa bei za soko letu, megajuli moja ni shilingi ngapi?

Kama jibu la (a) ni "hapana", kikundi kisinunue.