Dondoo muhimu: Kabla ya kumhamisha mzazi mkongwe

Ewe uishiye Ilongero, kabla hujaazimia kumpeleka mzazi wako katika makazi ya wazee ya Sukamahela, wilayani Manyoni, au kwingineko, tafadhali zingatia haya:

1. Mtake shauri mwenyewe kwanza, kwani kumhamisha pasi na ridhaa yake ni dhuluma, ijapokuwa nia ni njema.
2. Usidhani makazi ya serikali humpokea kila mtu. Yamekusudiwa mafakiri wasio na jamaa, basi anzia kwa afisa ustawi wa jamii.
3. Zuru wakati wa maakuli, ukague maji, choo na malazi.
4. Uliza ni nani aamkaye usiku mgonjwa aitapo.
5. Akibaki nyumbani, msimtwike mjukuu mdogo kazi yote. Gawaneni zamu na gharama.
6. Akitimiza miaka 60 naye hana uwezo, ulizia msamaha wa matibabu.